Hedseti ipi kwa redio ya ridhaa: ya kompyuta, ya simu, ya rubani au iliyotengenezwa kwa ajili yake?

Wengi wanaotafuta hedseti ya redio huanza kwa kuuliza spika zake zinalia vipi. Kwenye redio ya ridhaa, yaani redio ya mawasiliano ya hobi, hapo sipo pa kuanzia. Sauti ya SSB, njia ya kurusha sauti inayotumika sana kwenye redio hizi, ina upana wa kilohezi 2.4 hadi 2.7 tu, na karibu spika yoyote ya masikioni itaitoa vizuri. Kinachokwamisha ni maiki: inahitaji umeme au haihitaji, inatoa sauti yenye nguvu kiasi gani, na graundi yake imeunganishwa na nini. Hedseti nne zifuatazo zinaachana hasa kwenye mambo hayo matatu, na ndiyo yatakayoamua ununue ipi na uchomelee nini.

Kwa mwenye haraka: kituo cha nyumbani chenye redio ya HF (mawimbi mafupi), chukua hedseti ya kompyuta ya plagi mbili. Ukifanya kazi karibu na jenereta au ndani ya gari lenye kelele, chukua ya rubani. Ya simu ni ya dharura na ya redio za mkononi, nayo ina mtego wake. Iliyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya redio za ridhaa ni nzuri kweli, ila inamlipa yule anayekaa hewani saa nyingi mfululizo kwenye mashindano.

Pima redio kabla ya kununua chochote

Washa redio bila kurusha. Weka multimita kwenye volti za DC, kipimo cha 20, gusa pini ya maiki kwa waya mwekundu na graundi ya maiki kwa mweusi. Ukisoma volti moja au zaidi, redio yako tayari inalisha maiki umeme kupitia pini ileile ya sauti. Ukisoma sifuri, hailishi, na maiki ya elektreti (yenye transista ndani inayotaka umeme) itakuwa bubu mpaka uilishe mwenyewe. Redio za kampuni ya Icom kwa kawaida hulisha. Kenwood na Yaesu kwa kawaida hazilishi, kwa sababu maiki zao nyingi za mkononi, kama MC-43S ya Kenwood na MH-31 ya Yaesu, ni za dainamiki na hazihitaji umeme.

Kwa soketi ya mviringo ya pini 8, mpangilio ni huu:

| Kazi | Icom | Kenwood | Yaesu |
|---|---|---|---|
| Sauti ya maiki | 1 | 1 | 8 |
| Graundi ya maiki | 7 | 7 | 7 |
| PTT (swichi ya kurusha) | 5 | 2 | 6 |
| Graundi ya PTT | 6 | 8 | 5 |
| Umeme | 2 (volti 8) | 5 (volti 8) | 2 (volti 5) |

Soketi inafanana kwa zote tatu, kwa hiyo plagi ya Icom itaingia kwenye Kenwood bila kipingamizi chochote na kupeleka kila kitu mahali pasipo pake. Andika jina la redio kwenye kila waya unaotengeneza. Namba za pini huwa zimechorwa kwenye plastiki ya plagi upande wa kuchomelea. Zifuate hizo, usihesabu kwa kukumbuka picha, kwa sababu ukiigeuza plagi kukutazama mpangilio unageuka kama kwenye kioo. Redio ndogo zenye soketi ya mraba ya aina ya mtandao, kama FT-891, zina mpangilio wake. Tumia kitabu cha redio hiyohiyo.

Hedseti ya kompyuta ya plagi mbili

Ndiyo tunayoipendekeza kwa wengi. Maiki na spika zina plagi tofauti za milimita 3.5 na graundi tofauti, na utaona kwenye hedseti ya simu kwa nini hilo ni jambo kubwa. Maiki yake ni ya elektreti: kapsuli ndogo yenye transista ndani yake, inayotaka volti 2 hadi 9 hivi na inayokula chini ya nusu miliampea. Kwa miaka mingi Yamaha CM500, hedseti iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta, ilikuwa kichwani mwa washindani wengi wa Marekani na Ulaya. Haitengenezwi tena, lakini iliyotumika ukiipata ikiwa nzima, ichukue.

Kwenye Icom kazi ni ndogo ajabu. Nunua soketi ya stereo ya milimita 3.5 na plagi ya pini 8. Mguso wa ncha ya plagi kwenye soketi uende pini 1, wa shina (sehemu ya nyuma ya plagi) uende pini 7. Basi. Umeme wa kulisha kapsuli tayari upo pini 1, na hakuna rezista wala kapasita ya kuongeza.

Kwenye Kenwood unalisha mwenyewe, na vipuri vyote vinaenea kwenye kipande cha bodi chenye ukubwa wa stempu:

1. Kutoka pini 5 (volti 8) weka rezista ya omu 1,000. Mwisho wake tuuite A.
2. Kutoka A kwenda pini 7 weka kapasita ya mikrofaradi 22, volti 16, hasi ikielekea pini 7. Hii na rezista ya kwanza ndizo zinazosafisha umeme wa redio. Ukiziruka utasikika na mngurumo au tiktik za onyesho la redio nyuma ya sauti yako.
3. Kutoka A kwenda kwenye ncha ya soketi ya maiki weka rezista ya omu 4,700.
4. Kutoka kwenye ncha hiyohiyo kwenda pini 1 weka kapasita ya mikrofaradi 0.1 isiyo na upande.
5. Shina la soketi liende pini 7.
6. Kati ya ncha na shina, karibu kabisa na soketi, weka kapasita ya kauri ya pikofaradi 470.

Kapsuli ikila miliampea 0.3, rezista hizo mbili zitapunguza volti 1.7, na kapsuli itabaki na 6.3. Ukiwa na kapsuli ya bei ya chini usiyoiamini, badilisha omu 4,700 kuwa 10,000 na itabaki na volti 4.7. Kwa Yaesu mzunguko ni uleule, ila umeme unatoka pini 2 na ni volti 5, na sauti inaingia pini 8: weka omu 2,200 badala ya 4,700, na kapasita ya hatua ya nne iwe mikrofaradi 0.22.

Hiyo kapasita ya hatua ya nne inastahili maelezo, kwa sababu ndiyo inayoamua sauti yako itakuwaje hewani. Kwanza inazuia DC isiingie kwenye mlango wa maiki wa redio. Pili, ikishirikiana na rezista ya kulisha na mlango wa redio wa omu 600, inakata besi. Kwa omu 4,700 na mikrofaradi 0.1, ukataji unaanzia kwenye hezi 300. Kwa omu 2,200 na mikrofaradi 0.22, unaanzia hezi 260. Ukiweka mikrofaradi 1, kama michoro mingi inavyoonyesha, besi yote inapita mpaka chini ya hezi 60. Maiki za kompyuta zina besi nyingi, na besi hiyo inakula nguvu ya kirushio bila kumfikishia msikilizaji hata silabi moja ya ziada. Ukiambiwa sauti yako ni nzito na haieleweki, punguza kapasita kabla hujagusa kitu kingine.

Kosa la kawaida liko kwenye pete ya soketi. Hedseti nyingine zina plagi ya maiki yenye ncha, pete na shina. Nyingine zina ncha na shina tu. Ukiunganisha pete na ncha ndani ya soketi yako, plagi ya aina ya pili itagusisha pete na graundi na kuua maiki. Acha pete bila kuiunganisha. Maiki ikikaa kimya hata baada ya kuhakikisha umeme upo, ndipo ujaribu kuunganisha pete na ncha kwa hedseti hiyo tu.

Spika zake ni za omu 32 hivi na huingia moja kwa moja kwenye soketi ya PHONES. Ikiwa soketi ni ya mono, utasikia sikio moja. Dawa ni adapta ya stereo kwenda mono inayounganisha ncha na pete upande wa hedseti. Usifanye kinyume chake, yaani kuingiza plagi ya mono kwenye soketi ya stereo, kwa sababu inagusisha mkondo wa kulia na graundi. Ukisikia mchirizo hata sauti ikiwa chini kabisa, weka rezista ya omu 100 kwenye kila sikio. Mchirizo utapungua, na kitufe cha sauti utaweza kukizungusha kwa raha badala ya kukigusagusa mwanzoni kabisa.

Hedseti ya simu yenye plagi moja ya pete mbili

Inapatikana kila kona, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue, na kapsuli yake si mbaya hata kidogo. Tatizo ni waya. Plagi ina ncha (kushoto), pete ya kwanza (kulia), pete ya pili na shina. Kwa mpangilio wa CTIA, ambao ndio wa simu nyingi za leo, pete ya pili ni graundi na shina ni maiki. Kwa OMTP ya zamani hizo mbili zimebadilishana. Ili kujua unayo ipi, weka multimita kwenye omu: kutoka ncha kwenda graundi ya kweli, na kutoka pete ya kwanza kwenda hapohapo, utasoma kati ya 16 na 32.

Mtego wake ni graundi moja inayobeba maiki na spika zote mbili. Chukua mfano: spika zinapata volti 0.1, na waya mwembamba wa graundi una ukinzani wa omu 1. Spika mbili za omu 32 kwa pamoja ni omu 16, mkondo ni miliampea 6 hivi, na kwenye ule waya mmoja kunatokea milivolti 6. Hizo milivolti 6 ziko kwenye graundi ya maiki, na maiki yenyewe hutoa milivolti chache tu. Kwa hiyo redio inasikia spika kwa nguvu karibu sawa na inavyokusikia wewe. Ukitumia VOX, yaani redio kuanza kurusha yenyewe ikisikia sauti, itarusha kila mara mtu wa upande wa pili anapoongea. Ukiwasha MONITOR (kujisikiliza mwenyewe) wakati wa kurusha, utapata mluzi. Bila VOX na bila MONITOR hutaona shida, na ndiyo maana wengine huisifu hedseti hii na wengine huilaani.

Kwenye redio ya mkononi ya plagi mbili za aina ya Kenwood, kama Baofeng UV-5R, mtego unakuwa mkali zaidi. Spika iko kati ya ncha na shina la plagi ya milimita 2.5. Maiki iko kati ya pete na shina la plagi ya milimita 3.5. Na redio inaanza kurusha pale mashina hayo mawili yanapogusana. Ukiunganisha hedseti yenye graundi moja kwa kufuata mchoro huo, umegusisha mashina hayo, na redio itarusha mfululizo tangu unapoiwasha. Suluhisho: graundi ya hedseti iende kwenye shina la milimita 2.5 peke yake, maiki iende pete ya 3.5, na swichi ya PTT iwe kati ya mashina mawili. Umeme wa kapsuli redio hiyo inatoa yenyewe.

Ukiamua kukata plagi na kuchomelea waya, jua kwamba nyuzi zake zimepakwa enameli ya rangi na zimesukwa pamoja na uzi wa nailoni. Kisu hakisaidii, kinakata nyuzi. Weka tone kubwa la risasi kwenye ncha ya kichomeleo chenye joto la nyuzi 380 hivi, zamisha ncha ya waya humo sekunde mbili tatu mpaka enameli iungue na risasi ishike, kisha ndipo uchomelee. Hatua hiyo ikirukwa unapata kiungo kinachoonekana kizuri lakini hakipitishi umeme, au kinachopitisha leo na kesho kikakataa.

Hedseti ya rubani

Hapa unalipia utulivu. David Clark H10-13.4, kwa mfano, imepewa kiwango cha kupunguza kelele cha desibeli 23 bila betri yoyote, na maiki yake imeundwa kukataa kelele za mbali. Kando ya jenereta au kwenye kituo cha muda kilichowekwa nje uwanjani, hakuna hedseti nyingine kati ya hizi inayoikaribia. Gharama yake ni uzito na mbano. Kwenye joto la Mombasa au Dar, vikombe vyake vilivyofunga pande zote hutoa jasho ndani ya nusu saa. Vifuniko vya kitambaa vinasaidia sana.

Hakikisha ni ya ndege za kawaida yenye plagi mbili: PJ-055 ya spika, ambayo ni milimita 6.35, na PJ-068 ya maiki, ambayo ni nyembamba kidogo, milimita 5.23. Ile ya plagi moja nene ya U-174 ni ya helikopta; nyingi za kijeshi zina maiki ya omu 5 na spika za ukinzani mdogo, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Kwenye PJ-068, pete ni maiki, shina ni graundi, ncha ni PTT. Maiki yake ina kikuza sauti ndani, kilichotengenezwa kuiga maiki za kaboni za zamani. Inataka volti 8 hadi 16 kupitia rezista ya kati ya omu 220 na 2,200, na inaweza kula zaidi ya miliampea 10. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: pini ya volti 8 ya Icom na Kenwood ina kikomo cha miliampea 10. Usiilishe kutoka hapo. Tumia betri ya volti 9 yenye swichi, au chukua volti 13.8 za redio kupitia omu 220, kapasita ya mikrofaradi 100 kwenda graundi, kisha omu 470 kwenda kwenye pete.

Sauti inayotoka ni kubwa mno kwa redio ya ridhaa, mamia ya milivolti mahali panapotakiwa milivolti chache. Kwa hiyo: kutoka kwenye pete weka kapasita ya mikrofaradi 1, kisha rezista ya omu 10,000 kwenda pini ya maiki, na rezista ya omu 220 kutoka pini hiyo kwenda graundi ya maiki. Punguzo ni desibeli 33. Ikiwa bado ni kali, 220 iwe 100 na utafika desibeli 40. Ikiwa redio yako ni Icom, ongeza kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya kipunguzi na pini 1, chanya ikielekea pini 1, ili ile omu 220 isiushushe umeme wa redio.

Spika zake ni mono zenye ukinzani mkubwa, omu 150 au zaidi. Kwenye soketi ya PHONES zinaweza kusikika chini kidogo kuliko ulivyozoea, lakini kwenye soketi ya spika ya nje zina nguvu tele. Maiki ikae milimita 3 hadi 6 kutoka mdomoni, karibu kuugusa. Ukiiweka mbali kama ya kompyuta, inakukataa wewe pamoja na kelele.

Iliyotengenezwa kwa redio za ridhaa

Jina kubwa hapa ni Heil Sound ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1966 na Bob Heil, mwenye alama ya wito K9EID, aliyefariki Februari 2024. Unachopata ni maiki iliyokwisha kukatwa besi na kuinuliwa pale maneno yanapoelewekea: kipande cha HC-4 ni kikali kwa ajili ya mbali, HC-5 ni cha mazungumzo ya kawaida. Vyote viwili ni vya dainamiki, kwa hiyo Kenwood na Yaesu huvipokea moja kwa moja bila umeme.

Kwenye Icom mambo ni tofauti. Maiki ya dainamiki ni koili ya waya, na DC ya pini 1 ikipita humo huisukuma diaframu kutoka mahali pake. Lazima kuwe na kapasita ya mfululizo, mikrofaradi 1 hadi 10, na hata hapo sauti huwa hafifu, kwa sababu Icom hutegemea maiki yenye kikuza sauti. Kwa ajili hiyo Heil hutengeneza aina zenye jina la iC, ambazo ni za elektreti. Mwenye Icom anayenunua Heil iliyotumika aulize hilo kabla ya kutoa pesa.

Za USB tunaziacha nje. Ndani yake mna chipu inayotaka kompyuta, na hakuna adapta ya waya itakayoiunganisha na pini 8. Zinafaa kwa anayeendesha redio yake akiwa mbali kupitia kompyuta. Za Bluetooth zinafaa kwenye redio zenye Bluetooth ndani, kama FTM-300D na ID-52, kwa sauti. Kwa CW (kutuma kwa msimbo wa Morse) hazifai, kwa sababu mlio wa ufunguo wako unakufikia umechelewa na mkono unapotea.

PTT, na redio inapoingia ndani ya maiki

Kwa hedseti yoyote, PTT ni swichi tu inayogusisha pini ya PTT na graundi yake. Pedali ya mguu inaacha mikono huru kwa kuandika kumbukumbu. Peleka waya wake kwenye graundi ya PTT, si ya maiki, la sivyo utasikia "tap" kila unapobonyeza.

Jaribu kila kitu kwenye mzigo bandia (kifaa kinachowekwa mahali pa antena) kwanza, MIC GAIN (ukuzaji wa maiki) ikiwa katikati na kompresa imezimwa, na uangalie kipimo cha ALC, kinachoonyesha kama sauti inazidi, kikicheza ndani ya eneo lake. Kisha unganisha antena. Ikiwa sauti ilikuwa safi kwenye mzigo bandia na sasa inakwaruza, hasa kwenye bendi moja au mbili tu, shusha nguvu hadi wati 10. Ikisafika, mawimbi yako yanarudi kupitia waya wa hedseti na transista ya kapsuli inayageuza kuwa sauti. Zungusha waya mara 5 hadi 8 kwenye feraiti (pete ya kuzuia mawimbi) ya aina ya 31 kwa HF, au aina ya 43 kwa VHF, karibu na plagi ya redio. Hakikisha ile kapasita ya pikofaradi 470 ipo, na kwamba ngao ya waya imeshikana na mwili wa chuma wa plagi badala ya kuishia kwenye pini 7 peke yake. Kwaruzo likibaki hata baada ya hapo, angalia antena: waya wa hedseti unaookota mawimbi mengi kiasi hicho mara nyingi uko karibu na kebo ya antena isiyo na choki (kizuizi cha mawimbi yanayorudi juu ya kebo), na choki hiyo, kwenye sehemu ya kulishia antena, itatibu pia kompyuta na spika za mezani zinazolia unaporusha.